Hodi ya Usiku Katika Uwanja wa Magari

Vijana wetu wa shule na vyuo wamepata mahaba mapya, nayo ni mahaba ya nyumba yenye magurudumu. Katika simu zao hutazama picha za kijana wa Kizungu aliyefungua milango ya nyuma ya gari lake, miguu ikining'inia nje, kikombe cha kahawa mkononi, bahari mbele yake na mbwa kando yake. Hana mwenye nyumba wa kumbishia mlango ifikapo tarehe tano. Hana jirani wa kumkera. Leo yumo California, kesho kutwa Arizona, na popote aendapo kitanda chake kinamfuata kama kobe na gamba lake. "Huo ndio uhuru, Mwalimu," aliniambia mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne nilipozuru shule yao kuzungumzia fasihi, na wenzake wakamwitikia kwa makofi.

Sina ugomvi na kijana huyo. Uhuru ni neno tamu, na kwa mtu anayelala bwenini pamoja na wenzake sitini, gari la peke yake halikosi kuonekana kama pepo. Lakini nami, msomaji mpenzi, nimelala katika gari la namna hiyo kwa usiku 12 mfululizo, na katika safari hiyo yote sikuiona bahari. Nilichokiona ni taa ndefu za viwanja vya kuegesha magari, taa zisizozimwa kucha, na chini ya taa hizo watu ambao hawapigwi picha. Habari ya viwanja hivyo ndiyo ninayotaka kuisimulia leo, kwa maana ni papo hapo ambapo Mmarekani huambiwa kama gari lake ni starehe au ni kosa.

Gari lenyewe, kwa asiyelijua, ni kama matatu ya abiria 14 iliyong'olewa viti vyote. Palipokuwa na viti pamewekwa kitanda chembamba, jiko dogo la gesi, tangi la maji safi, tangi jingine la kupokea maji machafu, na juu ya paa kumewekwa paneli za sola za kuchaji betri ya taa na ya jokofu. Wako wenye magari makubwa kama basi la kwenda Kisumu, yenye bafu na choo ndani. Wako wenye trela ya kukokotwa. Na wako ambao gari lao ni dogo la kawaida, na vifaa vyao vyote ni blanketi na kipande cha kadibodi cha kuziba kioo. Mimi nitayaita yote magari-nyumba. Wataalamu wetu wa istilahi wakiwa na neno bora, watuletee.

Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha katikati ya Marekani. Januari 2020, wiki chache kabla ya korona kuifunga dunia, mkutubi mstaafu wa chuo hicho alinialika niandamane naye kuelekea Arizona alikozoea kukimbilia baridi. Alikuwa mjane wa miaka 68. Alikuwa ameiuza nyumba yake baada ya mkewe kufariki, akanunua gari, na vitabu vyake akavigawa vyote isipokuwa vilivyotosha rafu moja juu ya mto wa kulalia. Tulishuka hadi Texas, tukaifuata barabara kuu nambari 40 tukipitia Amarillo, Tucumcari, Gallup na Flagstaff, kisha tukateremka kusini hadi jangwani.

Upesi nilitambua kwamba taabu ya gari-nyumba haimo safarini, imo katika usiku. Mchana barabara ni ya kila mtu. Jua likitua, gari sharti lisimame, na kila kipande cha ardhi katika nchi ile kina mwenyewe, awe ni mtu, kampuni, mji au serikali kuu. Viwanja rasmi vya kupigia kambi vipo, lakini ada yake ya usiku mmoja, ukiizidisha mara 30, yaweza kumshinda mtu anayeishi kwa malipo ya uzeeni. Ndipo watu hukimbilia maegesho ya maduka makubwa. Mashuhuri kuliko yote ni yale ya Walmart, kampuni yenye maduka zaidi ya 4,500 nchini humo, ambayo kwa miaka mingi imewaachia wasafiri walale katika viwanja vyake pale ambapo meneja wa duka ameridhia na sheria ya mji haikatazi. Kampuni ya ramani ya Rand McNally hata iliwahi kuchapisha kitabu cha barabara chenye orodha ya maduka hayo. Hisani hiyo haikosi hesabu. Anayeamkia mlangoni pa duka atanunua mkate, maziwa na mafuta ya injini kabla hajaondoka.

Mwenyeji wangu alikuwa na adabu zake za uwanjani, ambazo nilizishika kama mtoto anavyoshika jedwali la kuzidisha. Kwanza huingii na kusimama tu. Unaingia dukani, unamtafuta meneja, unaomba. Ukikubaliwa, unaegesha pembeni kabisa, mbali na mlango, mahali ambapo wanunuzi hawapahitaji. Hutoi kiti nje, hukunjui turubai, huwashi jiko la makaa, humwagi hata tone la maji ya kuoshea vyombo. Unafika jioni, unaondoka asubuhi, na usiku wa pili huutafutii hapo. Choo ni cha duka mpaka linapofungwa; baada ya hapo kuna ndoo yenye mfuniko, na juu ya ndoo hiyo sitasema zaidi, maana gazeti hili husomwa mezani. Kuoga ni kwa kujiandikisha katika kumbi za mazoezi ya viungo zenye matawi kila mji: mtu hulipa ada ya mwezi ili apate bafu, na vyuma vya kunyanyua asiviguse. Baridi ikizidi, pumzi za watu wawili huganda vioo kwa ndani, na asubuhi mtu hukwangua barafu akiwa bado kitandani.

Hayo yote huzoeleka. Lisilozoeleka ni hodi.

Katika ustaarabu wetu mwenye kupiga hodi ni mgeni, na mwenye kujibu karibu ni mwenyeji. Mgeni asipojibiwa mara ya tatu huenda zake bila kinyongo. Katika uwanja wa magari mambo yamepinduka: aliyelala ndani ndiye mgeni, na anayegonga kioo kwa kitako cha tochi ndiye mwenye mahali au wakala wake. Hakuna karibu ya kumjibu, na usipomjibu haendi. Wakaao magarini wanaiogopa sauti hiyo kuliko kunguruma kwa radi. Mwenyeji wangu aliniambia mapema, kwa upole lakini bila kupepesa maneno, kwamba hodi ikija ni yeye atakayefungua kioo, mimi nibaki nimelala na mikono yangu iwe juu ya blanketi. Sikumwuliza sababu. Mtu mweusi hahitaji kukaa Marekani miaka mingi ndipo aielewe.

Ilikuja usiku wa tano, katika mji mmoja wa New Mexico, kwenye uwanja wa duka ambalo sitalitaja. Ilikuwa yapata saa nane za usiku. Mlinzi alimulika ndani, akauona uso wa mzee, rafu ya vitabu, birika la chai. Mzee akamwambia kuwa meneja wa zamu ya jioni ametupa ruhusa. Mlinzi hakumwomba jina la meneja huyo. Alimtakia safari njema, akasema tu tuwe tumeondoka kabla ya saa tatu asubuhi, kisha mwanga wa tochi yake ukahamia gari dogo lililokuwa hatua arubaini hivi kutoka letu. Humo mlikuwa na mama na watoto wawili. Nilikuwa nimewaona jioni wakipiga mswaki katika choo cha duka, mkubwa akimshikia mdogo kikombe. Nao pia walikuwa wamesimama pembeni, hawakutoa kiti nje, hawakumwaga maji. Kwao maneno yalikuwa machache na sauti ilikuwa ya juu. Gari lao lilikataa kuwaka mara mbili, kwa kuwa baridi ilikuwa chini ya sufuri, likawaka mara ya tatu, likatoka langoni likiwa na taa moja tu ya mbele.

Mzee aliwasha taa, akakaa kitako, na usingizi haukumrudia. Hakuwa amevunja kanuni, wala yule mama hakuwa amevunja kanuni. Tofauti iliyokuwapo ni kwamba gari letu lilionekana gari la mtu mwenye pa kurudi, kumbe hata yeye hakuwa na pa kurudi! Nyumba yake alikuwa ameshaiuza.

Wamarekani wenyewe wamekuwa na mambo hayo mawili katika barabara moja kwa muda mrefu, na walimu wa fasihi wana mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi. Mwaka 1939 John Steinbeck alichapisha riwaya ya *The Grapes of Wrath*, kisa cha familia ya wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa na ukame na benki, wakapakia vyombo, watoto na nyanya yao katika gari kuukuu lililogeuzwa lori, wakashika njia ya California. Njia hiyo ilikuwa barabara nambari 66. Walilala kando ya barabara, wakafukuzwa kambi baada ya kambi. Miaka 21 baadaye, mwaka 1960, Steinbeck huyo huyo, sasa tajiri na mwenye sifa, aliagiza lori lenye kijumba mgongoni, akalipa jina la Rocinante, farasi wa Don Quixote, akampakia mbwa wake Charley, akaizunguka nchi ili aione upya. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1962, mwaka aliotunukiwa Tuzo ya Nobel. Mkono ulioandika vitabu hivyo viwili ni mmoja. Wasomi wameandika mengi juu ya kila kimoja. Mimi natamani wanafunzi wavisome kwa pamoja, waulize kwa nini mtu mmoja akilala garini anaitwa msafiri, na mwingine akilala garini anaitwa mkimbizi katika nchi yake.

Na wale wa kwanza hawakuwa wa riwayani tu. Mwaka 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles aliwatuma askari 136 hadi kwenye mipaka ya jimbo, mamia ya kilomita nje ya mji wake, wawarudishe maskini waliokuwa wakiingia bila fedha. Jimbo lilikuwa pia na sheria ya kumwadhibu mtu anayemleta fukara kutoka nje. Ilidumu hadi mwaka 1941, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta katika kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kumleta shemeji yake kwa gari kutoka Texas. Hebu fikiria, kosa lake lilikuwa shemeji! Tusiwacheke, lakini. Sisi wenyewe tulikuwa na sheria ya uzururaji yenye mizizi katika ukoloni, na haikufutwa hadi mwaka 1997.

Sheria za leo hazisemi fukara. Husema gari. Mji wa Los Angeles ulipitisha mwaka 1983 sheria iliyokataza kutumia gari kama makao katika barabara za umma. Ilipofika mbele ya mahakama ya rufaa mwaka 2014, majaji waliona kwamba hakuna mtu awezaye kujua ni lini ameivunja, kwa kuwa kwa maneno yake ingeweza kumnasa hata mtu aliyebeba chakula na virago vyake akienda likizoni. Hata hivyo waliokuwa wakikamatwa walikuwa wasio na makao tu. Mahakama ikaibatilisha. Huko Seattle, mwaka 2016, mji ulilivuta lori la fundi mmoja aliyekuwa akiishi ndani yake, kwa kuwa alikuwa ameliacha mahali pamoja zaidi ya saa 72. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa humo. Ili alipate tena alitakiwa akubali kulipa dola 557, kwa mafungu ya dola 50 kila mwezi. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ikaamua kwamba lori lile lilikuwa nyumba yake katika macho ya sheria, likastahili kinga ile ile ambayo nyumba ya mawe hupata dhidi ya wadai, na kwamba malipo aliyotozwa yalipita kiasi.

Waliofurahia uamuzi huo hawakufurahi muda mrefu. Tarehe 28 Juni, 2024, Mahakama ya Juu ya nchi nzima iliamua kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, mji mdogo uliowatoza faini watu waliolala nje katika ardhi ya umma. Kwa sheria za mji huo, kambi ni popote palipo na matandiko ya kulalia, hata ndani ya gari. Wapinzani walidai kwamba kumwadhibu mtu kwa kulala ilhali hana pengine pa kulala ni ukatili unaokatazwa na katiba. Majaji sita walikataa dai hilo, watatu wakalikubali. Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alieleza kwamba sheria ile haichagui mtu: inamhusu asiye na makao, inamhusu msafiri wa likizo anayepita mjini, na inamhusu hata mwanafunzi aliyeacha bweni akapiga kambi ya maandamano kwenye nyasi za jengo la mji. Jaji Sonia Sotomayor, kwa upande wa wachache, alipinga akisema kwamba kulala ni haja ya mwili, na haja ya mwili haiwezi kuwa jinai.

Nimeyasoma maelezo hayo ya Jaji Gorsuch zaidi ya mara moja, na kila mara naukumbuka usiku wa New Mexico. Kwenye karatasi msafiri wa likizo na mama mwenye watoto wako sawa. Lakini sheria haigongi kioo yenyewe. Hugonga kwa mkono wa mlinzi, na mlinzi ana macho.

Isidhaniwe kwamba wote wakaao magarini wanateswa na umaskini, au kwamba wote ni vijana wa pichani. Wengi wako katikati, na humo katikati ndimo mlimo na mambo ya kusomwa. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, watu wazima wengi waliopoteza nyumba au akiba za uzeeni waliingia magarini wakafuata vibarua vya misimu: kulinda viwanja vya kambi wakati wa kiangazi, kuvuna viazisukari mpakani mwa Minnesota na Dakota Kaskazini mwezi wa Oktoba, kupanga bidhaa katika maghala kabla ya Krismasi. Mwandishi wa habari Jessica Bruder aliishi miongoni mwao akaandika *Nomadland* mwaka 2017, kitabu kilichozaa filamu ya Chloé Zhao iliyotwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Na katika hesabu rasmi ya Januari 2024, Wamarekani zaidi ya 770,000 walikuwa hawana makao, idadi kubwa kuliko yoyote iliyowahi kuandikwa hadi wakati huo tangu hesabu hiyo ianze. Walalao magarini wamo ndani yake.

Wamo barabarani pia Wakenya wenzetu, ingawa hawahesabiwi humo. Nje ya Amarillo tulisimama katika kituo cha malori, na dereva mmoja aliyeiona bendera kwenye kofia yangu akanijia mbio huku akiniamkia. Alikuwa mwenyeji wa Nakuru, amewahi kuwa utingo wa lori la Mombasa hadi Malaba kabla hajapata viza. Tulikunywa chai ya maji ya moto na majani ya pakiti, akaniomba radhi kwa kukosa maziwa.

"Mwalimu," aliniambia, "nimelala katika majimbo zaidi ya thelathini, na bado sijaamkia nyumba ya mtu."

Akanieleza kwamba sheria humruhusu kuendesha saa 11, kisha lazima apumzike saa 10, na tangu mwishoni mwa 2017 kuna mashine ndani ya lori inayozihesabu dakika zake. Nikamwuliza saa zikimwishia mahali pasipo na nafasi ya kusimama hufanyaje.

"Hapo ndipo penye kazi, Mwalimu. Mashine huniambia nilale. Hainiambii wapi."

Hakuwa akitia chumvi. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 2012 juu ya maegesho ya malori, inayobeba jina la dereva aliyeuawa mwaka 2009 huko Carolina Kusini. Alikuwa amebeba maziwa, amefika mapema kuliko saa ya kupokelewa mzigo, akajiegesha katika kituo cha mafuta kilichohamwa. Waliomuua walipata dola saba. Mkewe mjamzito ndiye aliyepigania sheria hiyo. Nilipoagana na yule kijana wa Nakuru nilikumbuka kwamba Mlolongo, pale kwetu, ulipata jina kwa foleni ya malori yaliyongojea mizani, na kwamba sijawahi kusoma insha hata moja ya mwanafunzi kuhusu waliolala ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo picha za simuni hazilionyeshi, nalo ni anwani. Kitambulisho chetu cha zamani humtaja mtu kwa wilaya, tarafa, kata na kata ndogo. Huko Marekani pia, bila anwani hupati leseni ya udereva, huna bima, barua ya hospitali haikufikii, na kura yako haina kituo. Watu wa magari-nyumba wamelitatua jambo hilo kwa njia ya ajabu: huenda jimbo la Dakota Kusini, hulala usiku mmoja katika hoteli au kambi, huchukua risiti, hujiandikisha kwa kampuni inayowapokelea barua, na kwa risiti ile ya usiku mmoja hupata leseni ya jimbo. Mwenyeji wangu alikuwa raia wa jimbo ambalo jumla ya usingizi wake humo haukuzidi saa nane. Lakini mwaka 2023 jimbo hilo lilipitisha sheria kwamba anayetaka kujiandikisha kupiga kura sharti awe amekaa humo siku 30. Leseni wanapewa, kura wamewekewa kizingiti.

Tulifika Quartzsite, Arizona, siku ya 12. Ni mji wa wakazi wapatao 2,400 ambao kila Januari huzungukwa na magari-nyumba mpaka jangwa likaonekana kama soko la mnadani. Ardhi kubwa ya hapo ni ya serikali kuu. Sehemu moja mtu aweza kukaa bure siku 14. Sehemu nyingine, kwa miaka mingi, ada ya kukaa tangu Septemba hadi Aprili ilikuwa dola 180. Hapo mwenyeji wangu alilala fofofo. Hapana mlinzi, hapana meneja, na jirani akija kubisha amekuja kuomba chumvi.

Katika makaburi ya mji huo nilikuta jambo lililonisimamisha. Kuna piramidi ya mawe, juu yake ngamia wa shaba, iliyojengwa na idara ya barabara ya Arizona mwaka 1935. Aliyezikwa chini yake aliitwa Haji Ali, ingawa Wamarekani waliposhindwa na jina hilo walimwita Hi Jolly. Alitoka katika milki ya Waturuki wa Osmani, akaletwa Texas mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani kwa ajili ya kubeba mizigo jangwani. Mwaka uliofuata ngamia hao walitumika katika msafara wa kupima njia kutoka New Mexico hadi California, njia ambayo baadaye barabara nambari 66 ilikuja kuifuata kwa sehemu kubwa. Alifariki mwaka 1902. Nilimwambia mzee kwamba kwetu kaskazini, kandokando ya jangwa la Chalbi, Wagabra bado hubomoa nyumba zao, wakazifunga juu ya ngamia na kuzisimika kwingine. Nyumba hiyo ni mali ya mke, na hakuna anayethubutu kumwita asiye na makao. Mzee aliuliza wanaomba ruhusa kwa nani. Nikamjibu kwamba wanajua visima ni vya nani, na huko ndiko wanakoombea.

Nirudi kwa wanafunzi, maana Marekani nao wamo magarini. Ken Ilgunas, aliyemaliza shahada ya kwanza na deni la dola 32,000, alilipa deni hilo kwa vibarua vya Alaska, akaapa hatakopa tena. Alipopata nafasi ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2009, alinunua gari kuukuu kwa dola 1,500, akatundika pazia jeusi nyuma ya kiti cha dereva, akaishi katika maegesho ya chuo bila kumwambia mtu. Kitabu chake, *Walden on Wheels*, kilitoka mwaka 2013, na kinachekesha. Lakini yeye alichagua. Mwaka 2017 mhadhiri mmoja wa California alisimulia magazetini jinsi alivyosahihisha insha za wanafunzi wake ndani ya gari alimolala, kwa kuwa mshahara wa kibarua cha kufundisha haukutosha kodi ya nyumba. Sijasikia kwamba kisa chake kilimchekesha mtu.

Vyuo vyenyewe vimekuwa vikivutana juu ya jambo hili. Chuo Kikuu cha California cha Santa Cruz kilianzisha mwaka 1984 uwanja wa trela 42 kwa wanafunzi wake. Mwaka 2019 mswada uliletwa katika bunge la jimbo hilo wa kuvilazimu vyuo vya jamii viwafungulie maegesho usiku wanafunzi wasio na makao; ulipunguzwa makali kwa marekebisho, na aliyeuleta akauondoa mwaka uo huo. Miaka miwili baadaye chuo cha Long Beach City hakikungoja sheria. Kilitenga sehemu ya maegesho yake, kikaweka choo na mtandao wa intaneti karibu, kikamlipa mlinzi, kikawaandikisha wanafunzi waliokuwa tayari wakilala barabarani. Huingia saa nne usiku na kutoka saa moja asubuhi, wakati wenzao wa darasa la kwanza la siku wanapoanza kutafuta nafasi za kuegesha.